Tundu la Chini ya Ukuta

Ukuta wa mawe ya volkano hauhitaji saruji. Nimelisema hili kwa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini nimechekwa. Hapa Goma mlima umetupa mawe ya bure, meusi, mepesi, yanayoshikana vizuri yakipata mtu anayejua. Unaliweka jiwe, unaligeuza, linakataa, unaligeuza tena, mpaka lenyewe likubali kukaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua, na ardhi ikitikisika nao unatikisika kidogo, kisha unatulia. Lakini watu wa siku hizi wanataka ukuta laini wa kuandikia jina la kanisa lao. Meno ya bibi, ndivyo walivyoziita kuta zangu. Nilikuwa nawajibu kwamba meno ya bibi yametafuna mengi kuliko yao.

Jina langu Bisimwa. Nimejenga kuta nyingi na nimezisahau karibu zote. Huu mmoja sijausahau, ingawa niliubomoa kwa mikono yangu, na kwa ajili yake mdogo wangu Nsimire hanisalimii.

Nsimire ni kitinda mimba wetu. Baba alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na mama alikuwa akienda ziwani alfajiri kununua sambaza, dagaa wa ziwa letu, za kuuza, kwa hiyo mtoto alibaki mgongoni kwangu. Nilicheza mpira naye mgongoni. Wenzangu waliniita mama Nsimire, nikapigana nao hadi wakachoka; yeye mwenyewe aliniita yaya, yaani kaka mkubwa. Alipoolewa na Mugisho nililia kuliko mama, na sioni haya kulisema.

Mugisho ni mchimbaji. Alikuwa anakaa miezi kule misitu ya Walikale, akirudi anarudi na kidogo, na hicho kidogo Nsimire alikificha mpaka kikatosha kiwanja upande wa Bulengo, karibu na ziwa. Kilikuwa rahisi. Kila mtu mjini anajua kwa nini viwanja vya upande ule ni rahisi, naye alijua, ila aliyemwuzia alikuwa mzee wa kanisa mwenye maneno ya asali, akamwapia kwamba pale mazuku hayafiki.

Mazuku tumezaliwa tumeyakuta. Ni hewa inayotoka chini ya ardhi, inapenya kwenye nyufa za mawe na kutokea mahali inapotaka, hata jikoni kwa mtu. Wasomi wanasema ni kabonidioksidi, hiyo hiyo tunayoitoa puani, isipokuwa ni nyingi mno. Haina rangi, haina harufu. Ni nzito, kwa hiyo haipandi, inatambaa. Inatafuta bonde na kujaa humo kama maji kwenye karai. Kukiwa shwari usiku kucha inajaa taratibu, asubuhi jua likipanda na upepo wa ziwa ukianza, inatawanyika. Mtu mzima anaweza kupita katikati yake kichwa kikiwa juu asijue lolote. Mbuzi akiinama kula majani, hainuki tena.

Nsimire aliniomba nikapime kile kiwanja kabla hajajenga. Nilipima kama tunavyopima sote, kwa mshumaa, alfajiri, nikiwa nimechuchumaa na kuushusha hadi chini kabisa. Nilikwenda siku tatu. Siku mbili za kwanza moto ulisimama wima kila pembe. Siku ya tatu, kwenye pembe ya chini kabisa, inayotazama korongo, mshumaa ulizimika nilipoufikisha usawa wa kifundo cha mguu. Nikauwasha. Ukazimika.

Nilikaa pale muda mrefu nikiitazama ile pembe. Nikajiambia haikai, inapita tu. Inatoka kwenye ufa mahali fulani, inateleza kiwanjani, inashukia korongoni na kwenda zake ziwani. Hayo yalikuwa kweli. Fundi wa mawe anajua kitu kinavyoteremka.

Nsimire akaja, amejitwika bati mbili kichwani, anacheka peke yake njiani kama kichaa. Alikuwa ameshanunua na bati.

"Yaya, iko namna gani?"

"Iko sawa," nikasema.

Maneno mawili. Ningeweza kumwambia, rudisha kiwanja, tafuta kwingine. Lakini mzee yule wa kanisa hakuwa mtu wa kurudisha kitu, na miye sikuwa na moyo wa kuuzima ule uso. Nikafikiri nitayamaliza mambo kwa mawe. Nikamjengea ukuta mkavu kuzunguka kiwanja chote, na upande wa korongo nikayapanga mawe makubwa yenye nafasi pana, ili ile hewa ipite kama inavyopenda. Kwa mwaka mmoja na nusu ilipita. Nsimire aliishi pale na binti yake Mwamini, aliyekuwa na miaka miwili walipohamia, na hakuna aliyeumwa hata kichwa.

Kisha wezi wakaanza. Walichukua sufuria, wakachukua kitenge kibichi juu ya kamba. Nsimire akaja kwangu na hasira zake.

"Yaya, huu ukuta wako, batu benye kupita banahesabu sahani zangu. Jana kuna mmoja ameniamkia kupitia ukutani. Ananiambia, mama, sombe yako motoni inaungua."

"Ilikuwa inaungua?"

"Ilikuwa inaungua, ndiyo. Lakini anaijulia wapi?"

"Mpe shukrani."

"Usinicheke. Miye nataka saruji. Kila mtu huku ana saruji, miye tu ndiye niko ndani ya kitunga."

Nilimpa sababu zote isipokuwa ile moja. Nikamwambia saruji itapasuka ardhi ikitikisika. Nikamwambia ni ghali. Nikamwambia ataniaibisha, ukuta wa fundi Bisimwa kupakwa matope ya dukani. Akanitazama akasema kwamba kumbe heshima yangu ni kubwa kuliko usingizi wake, maana yeye anaishi peke yake na mtoto, mume yuko msituni, na kila jani likianguka anakaa kitandani. Hapo alinishinda. Nikaziba nafasi zote kwa saruji, upande wa korongo na pande nyingine, nikapiga lipu, na ukuta ukawa laini, na wapita njia wakanisifu kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Tundu moja nililiacha. Pale pembe ya chini, sawasawa na ardhi, la kupitisha kichwa cha mbuzi.

"Hili la nini?" Nsimire akauliza.

"La maji ya mvua. Usilizibe, yatakubomolea ukuta."

"Aya, fundi."

Maji ya mvua. Ulimi ulikuwa karibu kusema, kisha nikaona amesimama pale anaupapasa ukuta wake kwa kiganja kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari, nikaanza kuosha mwiko wangu. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama ningesema siku ile. Angeogopa, angechukia, labda angelala kwangu wiki mbili. Angekuwa na mtoto wake.

Mama yetu alimpa Mwamini simbilisi wawili, dume na jike. Kwetu mtoto anaanza utajiri wake hivyo, na hao wanyama wadogo wasio na mkia, na wanazaana mpaka unasahau hesabu. Walikaa jikoni, wakawa kumi na mmoja, na Mwamini akampa kila mmoja jina la mtu wa ukoo. Mimi nilikuwa mnene, mwenye madoa. Alikuwa akinipigia simu kwa msaada wa mama yake kuniarifu kwamba nimekula vizuri leo, au kwamba nimemng'ata bibi sikio. Nsimire akachoka kufagia mavi jikoni. Kiangazi kilipoanza akawatengenezea kibanda cha wavu nje, kwenye pembe ya chini, kwa kuwa pale palikuwa na kivuli cha ukuta.

Mimi sikujua habari za kibanda. Nilikuwa najenga Sake wiki zile.

Simbilisi walitoroka kupitia lile tundu. Mbwa wa jirani akala wawili, na mmoja wao, nikaambiwa baadaye, alikuwa na jina la mume, Mugisho. Mwamini akalia siku nzima. Ilikuwa Julai, mbingu nyeupe, mvua haikumbukwi na mtu. Nsimire akachukua gunia, akalijaza nyasi, akalishindilia tunduni.

Siku ya tatu baada ya hapo nilipigiwa simu jua halijatoka. Ilikuwa sauti ya jirani, sikuelewa alichosema, nilielewa tu jina la mtoto. Nilichukua pikipiki. Nilipofika, Mwamini alikuwa amelazwa juu ya mkeka mlangoni, amefunikwa kitenge cha mama yake hadi kidevuni, na watu wa zahanati walikuwa wameshakuja na kuondoka.

Alikuwa ameamka kabla ya mama yake, akachukua majani, akaenda kuwalisha. Nsimire alipotoka alimwona amechuchumaa, paji la uso limeegemea wavu, kama anayesimulia kitu. Akamwita mara mbili. Akaenda akainama kumwinua, kichwa kikamzunguka, magoti yakaisha, akamshika nguo na kumburuta hadi akaanguka naye mlangoni. Simbilisi walikuwa wamelala wote kibandani, ubavu kwa ubavu. Mtu mzima aliyesimama wima hapo angeendelea na safari yake. Mwamini akisimama alinifikia mkanda wa suruali.

Nilimwacha mdogo wangu mlangoni nikashuka. Upepo ulikuwa haujaanza. Nikawasha kiberiti cha gesi nikakishusha, kikazima usawa wa kiuno. Ua mzima ulikuwa umejaa kama karai, na karai nilikuwa nimelifinyanga mimi. Ndipo nikaliona gunia. Nilibana pumzi, nikaenda, nikalichomoa, nikalirusha ng'ambo ya ukuta korongoni. Sikufikiri. Nilijua tu kwamba Nsimire asilione, na asikumbuke, na kama inawezekana duniani, asijue milele. Kisha nikachukua nyundo kubwa, nikaanza kuuvunja ukuta kuanzia pale kwenye tundu. Wanaume wakaja kunishika, wakidhani ni uchungu umenipanda. Ulikuwa uchungu pia. Waliponinyang'anya nyundo hapakuwa tena na tundu, palikuwa na pengo la kupitisha gari.

Tulimzika kesho yake. Sitaeleza maziko ya mtoto wa miaka minne.

Mugisho alifika siku ya tatu ya kilio, ana vumbi la safari mpaka kwenye kope. Hakuketi. Alimtazama mkewe aliyekuwa chini katikati ya wanawake, akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia.

"Weye ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

"Mtoto anatoka nje, mama yake analala."

"Nililala," Nsimire akasema. "Ukuta ulikuwa muzuri, njo maana nililala."

Mama yangu alimwambia Mugisho anyamaze au arudi msituni. Mugisho akaenda kusimama nje, na kupitia mlangoni nilimwona anapiga mti kwa ngumi, polepole, kama mtu anayebisha hodi.

Saa ile ile akaja dada wa ofisi ya volkano. Jina lake Kavira, msichana mpole, ana kipimo chake kwenye mkoba. Huwa wanakuja kila panapotokea kifo, wanapima, wanaonya majirani. Alisalimia wafiwa kwanza kabla ya kugusa kipimo, nikampenda kwa hilo. Lakini majirani walianza kumwuliza. Wana watoto, wana haki. Mbona miaka hii yote hakuna kitu, na leo limetokea?

"Hewa hii inakuwepo siku zote," akawaambia. "Ikiwa na njia, inapita. Mtu akizungushia ua na saruji, inakosa njia, inabaki ndani. Usiku bila upepo inapanda kidogo kidogo. Asubuhi inaweza kufika hapa." Akaonyesha kiuno. "Njo maana tunasema, ukijenga ukuta upande wa chini, acha hata tundu moja. Tundu moja tu pale chini, lingetosha."

Nsimire aliinua kichwa. Hakuwa ameinua kichwa kwa siku tatu.

"Tundu lilikuwepo," akasema.

Nilimwona anaanza kwenda kule kwa mawazo, hatua kwa hatua, machoni mwake niliona kiangazi, mbwa, mtoto anayelia, gunia. Alikuwa amebakiza hatua moja. Mdogo wangu yule namjua, hajawahi kujisamehe hata sahani aliyoivunja, na hii asingeishi nayo wiki.

"Lilikuwepo," nikasema, "lakini halikuwa na kazi. Nililikosea."

Watu wote wakageuka.

"Nililiweka juu mno. Linatakiwa lishuke chini kuliko sakafu ya ua, miye nililiinua ili uchafu usizibe. Hewa ilikuwa inapita chini yake. Libaki wazi, lizibwe, ni kitu kimoja." Nilikuwa namtazama yeye peke yake. "Na nilijua, Nsimire. Kabla hujajenga nilipima, mshumaa ukazima kwenye pembe ile. Nikakuambia iko sawa."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na nadhani ndilo lililoubeba uongo wangu ukavuka.

Kavira alikuwa ananitazama. Alipoingia alikuwa amepitia pembe ile ya chini, ameona msingi uliobaki, na msichana mwenye macho kama yake hawezi kushindwa kuona chini ya tundu palikuwa wapi. Nikangoja aseme. Akashusha macho kwenye kipimo chake.

"Kama lilikuwa juu," akasema, "lisingesaidia."

Nsimire alisimama. Wanawake wakajaribu kumzuia, akawaondoa mikono. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu kama alivyokuwa akija utotoni kuniomba nimfunge kamba ya kiatu.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Nikakuuliza, yaya, iko namna gani."

"Uliniuliza."

Sikupigwa. Ningefurahi kupigwa. Alirudi akaketi mahali pake, na akaanza kulia, kilio ambacho hakikuwa kimetoka siku zile tatu, kikubwa, cha mwili mzima. Mugisho akaingia kutoka nje, akapiga magoti, akamshika. Alimwomba radhi mbele ya watu wote, na mimi akaniambia nitoke. Nikatoka.

Mama alijaribu. Alinipeleka kwao na kuku na kreti ya bia, kama mila inavyotaka mtu anapoomba msamaha wa damu, na nikapiga magoti. Nsimire alipokea kwa ajili ya mama. Akasema amenisamehe, na kwamba nisimwonyeshe uso wangu tena. Wakahamia upande mwingine wa mji, juu, ambako hakuna mabonde. Walipata mtoto mwingine, wa kike. Sijamwona. Kuta nimeacha kujenga, kwa sababu hakuna anayempa kazi fundi aliyemwua mpwa wake, na mjini habari hutembea kuliko pikipiki. Sasa navunja kokoto.

Mama alifariki mwaka jana. Ilitubidi kukutana, maana ni watoto wawili tu tulioko Goma na vitu vyake vilihitaji kugawanywa. Tulikunja vitenge vyake chumbani, yeye ameshika pembe mbili, mimi mbili. Amezeeka kidogo. Ana afya. Tulipofika kwenye kitenge cha mwisho hakukiachia.

"Nataka nikuambie kitu, halafu tusiongee tena."

"Sema."

"Kuna gunia nililiweka kwenye lile tundu. Hukuliona, mlikuwa mmeshabomoa. Nililiweka sababu ya simbilisi." Alikuwa anakitazama kitenge. "Ulivyosema lilikuwa juu, kwamba hata likizibwa ni kitu kimoja, ndipo nikapumua. Kila asubuhi naamka namshukuru Mungu kwamba haikuwa miye. Halafu nakulaani weye. Kila asubuhi, yaya. Vikiisha hivyo viwili naweza kuwasha moto na kumpikia mtoto uji. Ingekuwa miye, ningemfuata Mwamini siku ile ile."

Aliniita yaya. Miaka saba sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake. Niliogopa kwamba nitalia, na kwamba kilio kitasema.

"Haikuwa weye," nikamwambia. "Lilikuwa juu."

Akatikisa kichwa kukubali. Tukakunja kile kitenge, akakiweka kwenye rundo lake, akabeba mzigo na kutoka bila kuniaga. Nilisikiliza ndara zake mpaka barabarani. Kisha nikafagia chumba cha mama, nikafunga mlango, nikarudi kwenye kokoto zangu.